Upasuaji wa mgongo: Upi unafaa, na kwa maumivu yapi?

Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kutekeleza shughuli zao za kila siku. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu hayo, na kwamba huenda wakafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050, kwa sababu watu wanaongezeka na wengi wanaishi hadi uzeeni.

Wengi wa wagonjwa hao hupata nafuu bila ya kupasuliwa. Lakini wapo ambao maumivu huwazidi, na siku moja hutoka hospitalini wakiwa na picha mkononi na neno moja kichwani: upasuaji. Hapo ndipo jamaa hukutana. Michango huitishwa Mombasa au Mwanza, simu hupigwa kwa ndugu walioko Muscat, London au Minneapolis, na mara nyingine kiwanja huuzwa ili mgonjwa apelekwe India.

Katika mazungumzo hayo ya fedha na viza, swali moja husahaulika. Upasuaji unaozungumzwa ni wa aina gani, na unakusudiwa kuondoa maumivu yapi?

Swali hilo lina uzito mkubwa. Kinachoitwa upasuaji wa mgongo ni shughuli kadhaa zinazotofautiana mno, tangu ile inayomalizika kwa muda wa saa moja na mgonjwa kurudi nyumbani siku ya pili, hadi ile ya kukaza skrubu kwenye mifupa ambayo mgonjwa huiuguza kwa miezi. Utafiti uliofanywa tangu mwanzoni mwa karne hii umeonyesha kuwa ule ulio mkubwa na wa ghali zaidi si lazima uwe ndio unaosaidia zaidi.

Kinachochakaa ni nini?

Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili 5 za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kisahani chenye ukuta mgumu kwa nje na ute mzito kwa ndani, ambacho kazi yake ni kupunguza kishindo mtu anapotembea, anapoinama au anaponyanyua mzigo. Nyuma ya diski hizo upo mfereji unaopitisha neva, yaani mishipa ya fahamu, inayokwenda miguuni, kwenye kibofu cha mkojo na kwenye njia ya haja kubwa.

Kadiri umri unavyosonga mbele, diski hupoteza maji na kuwa nyembamba. Viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili huvimba, na kano hunenepa. Sehemu mbili za chini kabisa, zinazobeba uzito mwingi wa mwili, ndizo zinazoathirika mara nyingi zaidi.

Uchakavu huo unaweza kuleta hali nne tofauti. Kwanza, ukuta wa diski unaweza kupasuka na ute wake kutoka nje na kubana neva ya mguu. Pili, mfereji wenyewe unaweza kufinyika polepole. Tatu, pingili moja inaweza kuteleza mbele juu ya nyingine. Nne, diski inaweza kuwa imechakaa tu, pasipo neva yoyote kubanwa, huku mgonjwa akilalamika maumivu ya kiuno.

Hali hizo nne huitwa kwa jina moja mitaani, na pengine hata katika vyumba vya madaktari, lakini kila moja ina jibu lake katika chumba cha upasuaji.

Picha peke yake haitoshi

Wagonjwa wengi huogopa wanaposoma karatasi ya majibu ya kipimo cha MRI na kuona kwamba diski zao zimechakaa. Mwaka 2015, watafiti walichambua picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walionekana kuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 idadi hiyo ilifika asilimia 96.

Kwa maneno mengine, diski iliyochakaa ni kama mvi: ni alama ya umri, na watu wengi wanayo bila ya kuumwa. Picha huwa na maana pale tu inapokubaliana na malalamiko ya mgonjwa na yale ambayo daktari ameyaona alipompima. Ikiwa diski iliyopasuka imo upande wa kushoto na mguu unaouma ni wa kulia, picha hiyo haijaeleza chanzo cha maumivu.

Katika Afrika Mashariki na Kongo kuna jambo jingine la kuangalia. Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya WHO ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo hushambulia pia mifupa ya mgongo. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kutokwa na jasho usiku na kukonda yanahitaji uchunguzi wa maradhi hayo kwanza, kwani tiba yake kuu ni dawa zinazomezwa kwa miezi mingi.

Wakati ambapo hakuna kungoja

Kabla ya kulinganisha aina za upasuaji, ni vyema kutaja hali moja isiyokuwa na mjadala. Mgonjwa anayepata ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, anayeshindwa kukojoa au kuzuia haja, huku miguu ikilegea, huenda neva zake zote za chini zimebanwa kwa pamoja. Hiyo ni dharura. Anapaswa kufikishwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo, kwani akichelewa anaweza kubaki na ulemavu wa kudumu.

Vivyo hivyo, mguu unaozidi kupoteza nguvu, kwa mfano mtu anaposhindwa kuunyanyua wayo wake akitembea, unahitaji kuonwa na mtaalamu mapema.

Kwa wagonjwa wengine wote, uamuzi wa kupasuliwa ni wa hiari, na upo muda wa kufikiri.

Kuondoa kipande cha diski

Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston nchini Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha makala iliyoonyesha kuwa maumivu makali yanayoshuka kutoka kalioni hadi mguuni yanaweza kusababishwa na diski iliyopasuka, na kwamba yanaweza kuondolewa kwa upasuaji. Tangu miaka ya 1970 kazi hiyo hufanywa kwa msaada wa hadubini, kupitia mpasuko mdogo. Daktari huondoa kile kipande tu kinachobana neva na kuiacha sehemu kubwa ya diski mahali pake.

Upasuaji huu unalenga maumivu ya mguu. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa sana mguu kwa muda wa wiki 6 hadi 12, wakawagawa kwa kura katika makundi mawili: wa kupasuliwa mapema na wa kuendelea kusubiri kwa dawa na ushauri. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Waliopasuliwa walipona haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa: asilimia 95 walisema wamepona. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 walishindwa kuvumilia na hatimaye wakapasuliwa.

Funzo la utafiti huo ni kwamba kwa mgonjwa wa aina hii, upasuaji hununua muda. Dereva wa lori au muuguzi ambaye hawezi kukaa miezi bila ya kazi anaweza kuuchagua kwa haki kabisa. Anayeweza kuvumilia, na ambaye mguu wake haupotezi nguvu, hapotezi chochote kwa kungoja, kwa sababu mara nyingi mwili wenyewe hukinyonya kile kipande kilichotoka.

Hata hivyo, diski inaweza kupasuka tena. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha vituo 13 vya tiba katika majimbo 11, wagonjwa wapatao 15 katika kila 100 waliopasuliwa kwa sababu ya diski walirudi kupasuliwa tena katika muda wa miaka 8.

Kupanua mfereji

Mgonjwa wa mfereji uliofinyika kwa kawaida ana umri wa zaidi ya miaka 50. Akitembea kidogo miguu huwa mizito, huwaka moto au hufa ganzi, naye hulazimika kukaa. Akiketi au akiinama mbele, kwa mfano anapoegemea mkokoteni au anapoendesha baiskeli, hupata nafuu, kwa kuwa mfereji hufunguka kidogo.

Hapa daktari huondoa sehemu ya mfupa na kano zinazofunika mfereji kwa nyuma, ili neva zipate nafasi. Katika ule utafiti wa Marekani, ambao matokeo yake kuhusu maradhi haya yalichapishwa mwaka 2008, waliopasuliwa walikuwa na hali bora kuliko wasiopasuliwa. Katika miaka iliyofuata tofauti hiyo ilipungua kwa baadhi yao. Waliokataa upasuaji nao, kwa jumla, hawakuharibikiwa ghafla, na wengine walipata nafuu.

Mtu mwenye hali hii hana sababu ya kutishwa kwamba asipopasuliwa mwezi huu atapooza. Jambo la kupima ni umbali anaoweza kutembea, na kama umbali huo unamtosha kwenda sokoni, msikitini, kanisani au shambani.

Kuunganisha pingili

Upasuaji wa kuunganisha pingili una historia inayotugusa. Mwaka 1911 madaktari Russell Hibbs na Fred Albee wa New York, kila mmoja kwa njia yake, walieleza namna ya kuziunganisha pingili ili ziwe mfupa mmoja. Wagonjwa waliokusudiwa wakati huo walikuwa ni wale ambao mgongo wao ulikuwa ukiliwa na kifua kikuu. Baadaye ndipo mbinu hiyo ilipohamishiwa kwenye mgongo uliochakaa kwa umri.

Siku hizi daktari huweka skrubu na vyuma vya kushikilia pingili, kisha hupandikiza vipande vya mfupa kati yake. Vyuma hushikilia kwa muda tu. Kinachotakiwa ni mfupa uote na kushikamana, jambo linalochukua miezi kadhaa. Uvutaji wa sigara huzuia mfupa kuota vizuri, na ndiyo maana madaktari wengi humtaka mgonjwa aache kuvuta kabla ya kupasuliwa. Sehemu iliyounganishwa haipindi tena, na diski za jirani hubeba mzigo zaidi.

Je, unasaidia? Jibu linategemea unafanywa kwa sababu gani.

Ikiwa mgongo umevunjika, umepinda vibaya au pingili zinacheza ovyo, kuunganisha huweza kuwa ndiyo njia pekee. Lakini kwa maumivu ya kiuno yatokanayo na diski iliyochakaa tu, ushahidi ni hafifu. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa waliounganishwa walipata nafuu kuliko waliopewa tiba ya kawaida ya viungo. Utafiti wa Norway wa mwaka 2003 na wa Uingereza wa mwaka 2005 uliulinganisha upasuaji huo na mpango madhubuti wa mazoezi pamoja na mafunzo ya kumwondolea mgonjwa hofu ya kutumia mgongo wake. Safari hii upasuaji haukuonekana kushinda kwa namna iliyo wazi.

Kwa sababu hiyo, taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba kwa huduma ya afya ya Uingereza, iliagiza mwaka 2016 kwamba watu wenye maumivu ya kiuno wasiunganishwe pingili isipokuwa wakiwa ndani ya utafiti rasmi.

Kuhusu pingili iliyoteleza huku mfereji ukiwa umefinyika, kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kupanua mfereji bila ya kuunganisha kungeuacha mgongo ukiwa legelege. Mwaka 2016 utafiti wa Sweden uliowahusisha wagonjwa 247, baadhi yao wakiwa na pingili iliyoteleza, haukuona tofauti kati ya waliopanuliwa tu na walioongezewa vyuma. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa wakati huo huo, wa wagonjwa 66, uliona faida ndogo kwa walioungwa, na wachache zaidi kati yao walirudi kupasuliwa tena. Kisha mwaka 2021 utafiti wa Norway wa wagonjwa 267 ulionyesha kuwa, baada ya miaka 2, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa takriban 7 katika kila 10 kwa makundi yote mawili.

Gharama na hatari hazilingani. Miongoni mwa wazee wa Marekani waliopasuliwa mwaka 2007 kwa sababu ya mfereji uliofinyika, matatizo ya kuhatarisha maisha yaliwapata asilimia 2.3 ya waliopanuliwa tu, na asilimia 5.6 ya waliounganishwa kwa upasuaji mkubwa zaidi. Wastani wa malipo yaliyodaiwa na hospitali ulikuwa dola 23,724 kwa kundi la kwanza na dola 80,888 kwa la pili. Hata hivyo, kati ya mwaka 2002 na 2007, upasuaji huo mkubwa uliongezeka mara 15 miongoni mwa wazee hao.

Diski ya bandia

Ikiwa kuunganisha huufanya mgongo kuwa mgumu, kwa nini diski isibadilishwe kama nyonga au goti? Wazo hilo lilifanyiwa kazi katika hospitali ya Charité mjini Berlin, ambako diski ya bandia iliyobeba jina la hospitali hiyo iliwekwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Mmoja wa waliobuni ni daktari Karin Büttner-Janz, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwanasarakasi wa michezo ya viungo na alishinda medali za dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Marekani iliidhinisha diski hiyo mwaka 2004.

Diski ya bandia huwekwa kwa kupitia tumboni, karibu na mishipa mikubwa ya damu, na kuirekebisha ikiharibika ni kazi ya hatari. Haimfai mwenye mfereji uliofinyika, mwenye pingili iliyoteleza wala mwenye mifupa dhaifu. Watafiti wa Norway walitangaza mwaka 2011 kwamba wagonjwa waliowekewa diski hizo walikuwa na nafuu kiasi kuliko waliopewa mazoezi, lakini tofauti yenyewe haikuwa kubwa kiasi cha kumfaa kila mgonjwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 ulishauri diski hizo zisitolewe kwa ajili ya maumivu ya kiuno.

Mguu au mgongo?

Ukiyatazama matokeo hayo kwa pamoja, utaona mstari mmoja unaopita katikati yake. Upasuaji hufanya kazi vizuri zaidi pale neva inapobanwa na maumivu yanaposhuka mguuni. Pale maumivu yanapobaki kiunoni na hakuna neva iliyobanwa, faida yake hupungua na hatari hubaki vile vile.

Kwa kundi hili la pili, WHO ilitoa mwongozo mnamo Desemba 2023 ikipendekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa na tiba ya kisaikolojia inapohitajika. Shirika hilo halikupendekeza mikanda ya kiunoni wala kuvutwa mgongo kwa mashine, ingawa vyote viwili vinauzwa na kutumika sana.

Maswali ya kumuuliza daktari

Mtu anayeshauriwa kupasuliwa, awe Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au Chennai, ana haki ya kuuliza na kujibiwa kwa lugha anayoielewa.

Je, ni neva gani iliyobanwa, na je, picha inakubaliana na mahali ninapoumwa? Je, upasuaji huu unalenga mguu wangu au kiuno changu? Je, unaweza kupanua mfereji bila ya kuweka vyuma, na kama haiwezekani, ni kwa nini? Nisipopasuliwa kwa miezi 3 ijayo, ni jambo gani baya linaloweza kutokea? Je, wewe mwenyewe umefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi?

Jibu la swali la nne hufaa kusikilizwa kwa makini zaidi. Daktari akisema kwamba neva inakufa, basi wakati ni mali. Akisema kwamba maumivu yataendelea tu, mgonjwa anao muda wa kupata maoni ya daktari wa pili.

Maoni hayo yanaweza kupatikana karibu na nyumbani. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996 jijini Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa mgongo, na wapo madaktari bingwa wa fani hiyo Nairobi na Kampala. Ni rahisi zaidi kulipia ushauri wa pili kabla ya kuuza shamba kuliko kuutafuta baada ya vyuma kukazwa.

Kwa anayelazimika kusafiri, ni muhimu kurudi na ripoti kamili ya upasuaji, nakala za picha na maelezo ya kila chuma kilichowekwa mwilini. Kidonda kikivimba au mguu ukifa ganzi miezi miwili baadaye, daktari atakayemhudumia atakuwa wa mji wake, na bila ya karatasi hizo ataanza kazi gizani.

Ndugu wanaochanga fedha nao wana nafasi yao. Kabla ya kuuliza ni kiasi gani kinachohitajika, waulize mgonjwa anaumwa wapi: kiunoni, au mguuni.